Nyumba Iliyolambwa na Ng'ombe

Nawasalimu katika jina la Bwana, wapendwa wa Dongobesh. Wazee wangu, shikamooni. Wengi mnanijua kama Mama Elia, yule wa maandazi pale stendi. Mchungaji amenipa nafasi leo na ameniomba nisiwe mrefu. Nitajitahidi.

Kwetu ni Bashay. Mume wangu Paskali amezaliwa katikati ya ndugu wengi wa kiume, na shamba la baba yao limegawanywa mpaka kipande chetu, ukitema mate mlangoni, yanaangukia kwa jirani. Ndipo tukasikia kwamba huko chini Hanang, kwenye lile ziwa la chumvi, watu wanakwangua chumvi kutwa nzima, malori yanaifuata, na hakuna anayewapikia. Tukashuka kuangalia.

Ndugu zangu, ziwa lilikuwa limekauka. Lilikuwa jeupe, tambarare, huoni mwisho wake. Unasimama pale saa sita mchana hakuna ndege, hakuna mdudu, unasikia masikio yako mwenyewe. Na jua likiwaka sana, maji yanatokea. Unayaona kabisa mbele yako, yanameremeta, yana mawimbi. Ukiyafuata yanarudi nyuma. Jioni yanapotea. Wakwangua chumvi waliyaita maji ya uongo, na walikuwa wanatucheka sisi wageni tulivyokuwa tunayakodolea macho.

Tulipima, jamani, msione tulikuwa wajinga. Upande mmoja kulikuwa na ardhi ya wazi, wateja mlangoni, na watoto wanaohitaji ada. Upande wa pili kulikuwa na baba mkwe wangu, aliyesema aliwahi kuliona ziwa lile limejaa mpaka kwenye miti ya migunga. Lakini faida tuliiona kwa macho, na hatari tulisimuliwa tu. Tukauza maksai wetu wa kulimia, kipande cha shamba tukamwachia shemeji, tukaenda kujenga. Tena hatukujenga kwenye mwinuko ulio juu ya ziwa. Tulijenga pembeni kabisa mwa ziwa, kwa sababu mtu aliyeshinda kwenye chumvi hawezi kupanda mlima kufuata ugali. Tofali tulifyatua palepale kwa udongo wa palepale, hatukuzichoma. Vyumba viwili, bati juu, na banda la kupikia.

Biashara ilikubali. Siwezi kusimama mbele za Mungu nikasema haikukubali. Watoto walivaa viatu, mimi nilinenepa.

Kisha ukuta ukaanza kuota manyoya. Sijui niseme vipi mnielewe. Ukiamka asubuhi, ukuta mzima wa nje una kitu cheupe, chembamba, kimesimama kama ukungu wa mkate ulioharibika. Unafagia, kesho kimeota tena. Kikaingia na ndani, juu ya kitanda. Mimi nimezoea udongo mwekundu wa Bashay, ambao ukishakuwa ukuta unatulia. Huu haukutulia.

Siku moja alfajiri nikasikia mtu anapiga msasa nyumba yetu. Kwaruu, kwaruu, upande wa kichwani kwangu. Nikatoka. Ndugu zangu, walikuwa ng'ombe. Wamesimama kwa mstari, kimya, bila mchungaji, hakuna hata mmoja anayekula majani, wote vichwa vimeelekea nyumba yangu, na wanalamba. Nikapiga kelele. Waligeuza macho tu, ulimi haukusimama.

Walikuwa wa Mzee Gidahoda, mfugaji aliyekuwa na boma lake kule kwenye mwinuko. Yeye si mtu wa kanisa, anafuata mila zao. Nilimwendea kwa hasira, lakini heshima niliiweka mbele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, ng'ombe wako wanakula nyumba yangu."

"Hii udongo ni chakula yao," akasema. "Wamelamba hapo tangu babu. Wewe umeichukua, umeisimamisha, umeingia ndani. Mimi nitawaambiaje ng'ombe kwamba sasa ni nyumba?"

Niliona ananidhihaki. Majirani wakaninong'oneza kwamba mzee anawatuma, kwamba wale si ng'ombe hivihivi. Na mimi, nikiusikia ule ulimi kila alfajiri unapita ukutani sambamba na kichwa changu, niliamini. Nikaingia kwenye maombi. Nilifunga. Nilipaka mafuta ya maombi kwenye pembe zote nne, na ng'ombe wakalamba na mafuta. Tukazungushia miiba, tukakuta imelazwa chini. Ukuta wa chumba cha kulala ukaanza kuingia ndani kama shavu la mtu asiye na meno.

Kilichonivunja moyo ni Veronika, mtoto wangu mdogo. Mchana mmoja niliingia kuchukua sufuria nikamkuta amesimama pembeni ya kitanda, ameupa ukuta uso. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamshika bega, ndipo nikaona ulimi. Alikuwa analamba, polepole, macho wazi, kama wale ng'ombe kabisa, yeye kwa ndani na wao kwa nje. Akaanza kuvimba tumbo na kushikwa na homa.

Sasa ndipo nilipoomba maombi ambayo sijayasahau mpaka leo. Nilipiga magoti jikoni nikasema, Bwana, sikuombi kingine, simamisha ukuta huu. Mtoto wangu yuko nyuma yake, mali yetu yote iko nyuma yake. Usimamishe.

Mchana uleule ukaanguka.

Nilikuwa nasonga ugali wa wateja. Nilisikia kishindo kizito, halafu vumbi jeupe. Ukuta wa chumba ulikuwa umelala kwa nje, bati limeinama, na Veronika ameketi kitandani anapepesa macho kwenye jua, hana hata mkwaruzo. Watu wakasema ni muujiza. Mimi sikuona muujiza. Mimi niliona nimekataliwa. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyasema madhabahuni hapa.

Paskali alifika kutoka kwenye chumvi, akaangalia, akasema tutafyatua tofali nyingine, kalibu ya kufyatulia tunayo. Nikamwambia mtoto ni mgonjwa. Akasema hatuna pengine pa kwenda, tumeacha kila kitu, nyumba hii ndiyo shamba letu na ndiyo maksai wetu. Alikuwa anasema kweli. Tuligombana pale mbele ya wateja mpaka wakaacha sahani. Mwisho nikamfunga Veronika mgongoni, nikamchukua na kaka yake, Elia, tukapanda kwenye mwinuko, kwa yuleyule mzee niliyekuwa nafunga na kuomba dhidi yake. Sikuwa na kwingine. Mke wake alimtazama mtoto tumbo, akaleta maziwa.

Paskali alibaki kulinda vyombo.

Kesho yake asubuhi mbingu ilikuwa imefunga kwa mawingu. Kwetu pale haikunyesha hata tone, lakini huku juu Mbulu mlikuwa mmenyeshewa sana. Nilisimama nje ya boma nikaangalia ziwani. Maji yalikuwa yanameremeta kama kawaida yake. Huku mbele yake nikamwona mume wangu, mdogo sana, ameinama, anachanganya udongo. Maji yalikuwa nyuma ya mgongo wake.

Nikawaza, yameanza mapema leo maji ya uongo. Kisha nikaangalia juu. Nikaanza kukimbia.

Nilimwita njia nzima. Akanyanyuka, akatazama nyuma, akanitazama mimi, akacheka kidogo.

"Mama Elia, si ni yale ya kila siku?"

"Baba Elia, jua liko wapi?"

Akaangalia mawingu. Akageuka tena kuyaangalia yale maji. Nilimwona uso ukibadilika. Hayakuwa na sauti, ndugu zangu. Maji mengi kiasi kile, na hayakuwa na sauti hata ya bomba la jikoni. Yalikuwa yanakuja tu juu ya ule weupe, membamba, yanatanguliwa na povu la rangi ya udongo. Tulipopanda nusu ya mwinuko tukageuka, na kiwanja tulichosimama hakikuwepo. Tofali hazikuanguka. Ziliyeyuka kwenda chini, kama sukari kwenye chai, mpaka bati likakaa juu ya maji.

Na ng'ombe wa Mzee Gidahoda walikuwa pale juu, wanakula majani, hakuna hata mmoja aliyeangalia kule.

Sasa nisikilizeni. Veronika alipona, yule pale kwenye kwaya, mwenye gauni la kijani. Lakini mimi kila nikimwona naijua hesabu yake. Kama Mungu angenijibu nilivyoomba, ukuta ungesimama, na sisi wote wanne tungekuwa ndani tunamshukuru, asubuhi ile, mlango umefungwa.

Nasimama leo kwa sababu nasikia ziwa limeanza kukauka tena, na vijana wa hapa Dongobesh wameshaenda kupima viwanja. Sisemi hakuna faida. Faida ipo, mimi nimeila. Nawaambia tu kwamba hatari haiji ikiwa na sura mpya. Ilikuja na sura ileile tuliyoiona kila siku saa sita mchana, tukaizoea.

Namshukuru Mungu wangu, aliyenikatalia. Na wewe uliyekaa hapo, umefunga, umelia, na kitu ulichoomba kisimame kinazidi kuanguka mikononi mwako, njoo mbele tuombe pamoja. Sijui kwa nini kinaanguka. Lakini kiachie, ndugu yangu, utoke nje kwanza. Utamuuliza Mungu ukiwa nje.