Mlango wa Bi Thomasine

Wapendwa waombolezaji, marehemu dada yetu Thomasine Thornby alizaliwa tarehe 14 Machi 1574 mjini Beverley, mtoto wa kwanza wa Mzee Gervase Holme, akifuatiwa na Bethia, ndiye huyu anayewasomea, ambaye tangu utotoni alichoshwa na kuambiwa, "Mwige dada yako."

Mwaka 1587 alipelekwa kulelewa kwa bibi mmoja mcha Mungu, akajifunza kusoma Biblia, kufunga vidonda na kuandika mahubiri mazima kwa kumbukumbu, huku Bethia, aliyebaki nyumbani, akisinzia kanisani na kufinywa.

Tarehe 9 Mei 1594 aliolewa na Bwana Ambrose Thornby, mwenye mashamba, wakajaliwa mtoto mmoja, Josiah, na kazi ya Thomasine ikawa kusimamia nyumba, kutibu wagonjwa wa kijiji, kuwasomea wajakazi Neno, na mara tatu kwa siku kujifungia chumbani kusali na kuandika dhambi zake daftarini. Ukibisha hodi unajibiwa, "Subiri, mdogo wangu, niko na Bwana." Jamani, miaka thelathini na ushei! Tusifichane mbele ya jeneza, Bethia alimwonea dada yake wivu, na zaidi ya hapo alimwonea wivu Mungu, maana Yeye alikuwa ndani wakati mdogo wa damu wa Thomasine amesimama nje kama mchuuzi.

Alianza kuugua kifua mwezi Septemba, akafariki tarehe 3 Novemba mwaka huu wa 1628, mumewe na mwanawe wakiwa kando ya kitanda chake.

Juzi Bethia alilifungua daftari lile, na kusema kweli alikuwa akitafuta dhambi, akakuta kila siku "nimesali, nimesali," isipokuwa tarehe 6 Septemba 1611, siku ambayo Bethia alimzika mwanawe Samuel, akaja hapa amelowa chapachapa, akabisha, mlango ukafunguliwa papo hapo, naye miaka yote hii akadhani alikuta sala imekwisha. Pameandikwa: "Bethia amekuja analia. Sikusali. Bwana anisamehe, sijutii."

Familia inamshukuru tabibu aliyekuja kutoka York kwenye matope yale, mchungaji wetu, majirani walioleta supu na kuni, na wajakazi waliomgeuza kitandani usiku na mchana bila kunung'unika.

Pumzika kwa amani, dada, kaa na Bwana wako kadiri upendavyo. Safari hii Bethia atasubiri mlangoni, wala hatanuna.