Mzee Makaratasi na Mitihani ya Hesabu

Jirani wa marehemu, fundi cherehani, anadai mzee alichoma nyaraka zake mwenyewe. Anasema moshi aliuona kwa macho yake. Wasikilizaji wapendwa, moshi ulikuwepo, lakini ulikuwa wa takataka za uani. Nyaraka hazikuchomwa. Zilitoka mlangoni mchana kweupe, mikononi mwa binti yake.

Tunamkumbuka Mzee Makaratasi, mpiga chapa. Kwa miaka arobaini na mitatu alikusanya kumbukumbu za harakati za watu weusi, wale waliokataa kutawaliwa na kudharauliwa. Alianza na vipeperushi alivyochapa mwenyewe kwa siri, akificha nakala moja moja. Kisha mabaharia na wanafunzi wakamletea vya ng'ambo: beji za ngumi, kadi za uanachama, gazeti la wafungwa lililoandikwa kwa penseli. Miaka arobaini na mitatu, wasikilizaji.

Enzi za misako alibuni hila. Kila waraka aliufunga ndani ya karatasi kuukuu za mitihani. "Askari haogopi bomu," alizoea kutania, "lakini mwonyeshe mtihani wa hesabu, anatoka mbio." Kwenye rafu ya juu alipanga maboksi mazuri yenye maandishi makubwa: HARAKATI. Ndani yake, kalenda za zamani tu. Misako ikaisha, hila ikabaki. Binti hakuambiwa.

Mwezi uliopita mzee alilazwa kwa ugonjwa wa kifua. Binti akaona amfurahishe, akipake chumba chake rangi. Maboksi ya HARAKATI aliyafuta vumbi moja baada ya jingine, akayafunika kwa shuka safi. Mitihani akampa mwenye duka, afungie karanga na sabuni.

"Baba alirudi, akasimama mlangoni," binti anasimulia. "Akauliza, 'Mama, mitihani yangu iko wapi?' Nikacheka. Nikamwambia, kwani baba unarudi darasani? Hakucheka. Alikaa kitandani na viatu vyake."

Wakaongozana hadi dukani. Ilikuwa imebaki nusu ya barua, imelowa mafuta. Mzee aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hukukosea, mwanangu," alisema. "Nilizificha vizuri mno. Hata wewe nilikuficha."

Siku ya tisa akafariki.

Tunawapa pole wafiwa, na zaidi binti huyu, anayesema hawezi hata kushika ufagio. Nanyi nyumbani, waulizeni wazee wenu walichofunga ni nini. Nanyi wazee, semeni mngali na pumzi.

Kuna ombi la familia. Kama ulinunua karanga au sabuni, na karatasi yake ina maandishi ya zamani, hata ikiwa kipande, hata ikiwa imechanika, tafadhali ilete kwenye geti la redio yetu. Hii ni mara ya sita tunalisoma. Binti yuko kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, na bahasha tupu mapajani. Kila geti likilia, anainuka.

Mpaka sasa ni upepo tu.