Mbuzi wa Harusi Naye Huandikiwa Kibali

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Veridiana Cecil, ofisa mifugo ambaye wengi wetu tunamwita Mama Ladislaus, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianzia Lulindi mwaka 1991, akizunguka vijiji kwa baiskeli, na tangu 2003 yuko nasi Newala.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuvalisha mifugo hereni za utambulisho na kuandika vibali vya kuisafirisha, ili ugonjwa ukizuka ijulikane mnyama gani katoka wapi. Kazi hiyo, jamani, haimfai mwenye hasira za karibu. Mzee Yassini wa Makote, mbuzi wake alipokufa, aliona hasara kutupa hereni nzima; akaivua akamvalisha mwingine. Kitabuni mnyama yule aliingia jike, akakaguliwa beberu. Mama Ladislaus alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwandikisha mzee upya.

Lakini wasifu huu ungekuwa wa uongo bila mwaka 2022. Mwaka huo alimwoza mwanawe, na kaka yake Stefano akaleta mbuzi sita kutoka Lulindi bila kibali. Huku kwetu mbuzi wa harusi hahesabiwi kuwa anasafirishwa. Anakwenda shereheni tu. Mama Ladislaus alijua ni kosa, akanyamaza. Watatu walichinjwa, watatu wakachungwa pamoja na mbuzi wa jirani yake, Ziada.

Wiki mbili baadaye ikazuka sotoka ya mbuzi: makamasi, kuhara, vifo. Ziada, mjane ambaye mali yake yote ni mbuzi kumi na mmoja, alikuwa amenunua mmoja wao Tandahimba kwa kibali halali. Karatasi hiyo ndiyo iliyomponza, maana kila mtu aliona kwamba kaleta mnyama wa ugenini. Mkutano wa kijiji ukataka zizi lake lote lichinjwe.

Hakuna aliyemuuliza Mama Ladislaus kitu. Alisimama mwenyewe, akaeleza kwamba walioanza kuugua ni wale wa Lulindi, kwamba ni wake, na kwamba aliyepaswa kuwazuia ni yeye. Kisha akaliandika hilo kitabuni mbele ya watu. Alipewa barua ya onyo. Chanjo ikaletwa, na zizi likaachwa. Hata hivyo, watatu wa Ziada walikufa.

Ziada hakumsemesha mwaka mzima, na hatumlaumu. Siku moja akaja ofisini kutaka kibali cha mbuzi wa harusi ya binti yake. Awadhi, aliyekuwa zamu, alishika kalamu. Ziada akakataa katakata. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, Mama Ladislaus aliporudi kutoka kuchanja. Ndipo akamwamkia shikamoo, akasema anataka aandikiwe na yeye, si mwingine.

Mama Ladislaus, asante sana. Mungu akuzidishie afya, ule raha na wajukuu. Sisi tunaobaki mezani pako tunaomba jambo moja: siku moja nasi tuje tusubiriwe hivyo.