Fundi Tumainieli na Sona Aliyoishuku Wiki Tatu

Ifikapo tarehe 30 Juni 1999, Fundi Tumainieli Mgonja atakabidhi funguo za Karakana ya Boti hapa Same baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Tunaomfahamu tunajua kwamba kabla ya kuzikabidhi atazijaribu zote, moja moja, asije akalaumiwa baadaye.

Alizaliwa Mhezi, juu milimani, na mpaka leo hajui kuogelea. Tabia ya kushuku alijifunzia kwenye ndiva, lile bwawa dogo la kumwagilia mashamba, ambako maji ya zamu hupimwa kwa kijiti na kila mwenye shamba hupima tena kwa kijiti chake. Alianza mwaka 1972 kama msaidizi wa seremala. Zilipokuja boti za faiba, akawa fundi wa boti hizo. Tunamtania kwamba hata chai ya mkewe, Mama Dorkas, huikoroga kwanza aone kilichomo chini.

Zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilimpa haki. Mji ulijaa vitu vipya: betri zilizokufa kabla ya Jumapili, beringi kuukuu zilizong'arishwa zikaitwa mpya. Mwaka 1993 ikaja sona, mashine ya kupima kina na kuonyesha samaki, kwa ajili ya boti yetu ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji yalikuwa yamepungua, na visiki vilivyozama bwawani vilikwisha kupasua mitumbwi miwili. Muuzaji alitaka boti itobolewe tumboni ili kichwa cha sona, kile kitoacho sauti, kiguse maji. Fundi alikataa katakata. Kichwa kitagundishwa kwa ndani, alisema, mawimbi ya sauti yapenye kwenye faiba, na boti ibaki nzima. Muuzaji akakubali, akamwonyesha mahali pa kukigundisha.

Fundi akachukua kichwa kile ghalani, akaenda nacho bwawani. Zikapita wiki tatu, sona haijafungwa. Ilikuwa miezi ya kupunguzwa kwa wafanyakazi, na orodha ilikuwa ikiandaliwa. Barua isiyo na jina ikamfikia mkuu wetu, Bwana Humphrey: fundi amekiuza kichwa cha sona. Jina la Tumainieli, baba wa watoto watano wa shule, likaingia kwenye orodha.

Bwana Humphrey akaenda bwawani bila taarifa. Alimkuta Fundi amelala kifudifudi ndani ya boti, akigonga sakafu kwa mpini wa kijiko. Penye mlio wa debe, ndani ya faiba kuna sponji na sauti haipiti. Alitafuta mlio mzito. Kichwa cha sona kilikuwepo, kimelazwa juu ya mfuko wa plastiki wenye maji ili sauti ipite bila gundi, kikijaribiwa mahali pengine kila siku, kwani gundi ikishakauka hakuna kurudi nyuma. Nahodha Chande akamwonyesha mkuu pale alipopachagua muuzaji.

"Shikamoo mzee. Hapa mashine inasema mita saba popote tuendapo. Kamba yangu yenye jiwe inasema mita moja na nusu. Tungeiamini hii, visiki vingetumaliza."

Jioni hiyo mahali pakapatikana, karibu na nyuma, kando ya mkuku, ule uti wa chini wa boti. Fundi akakwangua rangi, akapaka gundi pasipo kiputo cha hewa hata kimoja. Sona na kamba vikapatana mara kumi na mbili. Akadai ya kumi na tatu. Jina lake likafutwa.

Barua ile niliiandika mimi, Redempta wa ghala. Niliona rafu tupu, nikaogopa nisije nikaulizwa mimi. Nimeona aibu miaka sita, na mwezi uliopita nikamwendea kumwomba radhi. Alicheka. Mwandiko wangu aliutambua siku alipoonyeshwa barua, na hakumwambia mtu. Miaka yote hii nimemwona akihesabu mara mbili kila boliti ninayompa, nikadhani ndiyo tabia yake. Sumaiya, anayenishikia ghala nikiwa likizo, anasema kwake huhesabu mara moja.

Asante, Fundi, kwa kazi yako na kwa kunisitiri. Mungu akujalie miaka mingi ya afya na amani huko Mhezi. Zawadi yetu kwako ni mabati ishirini, na nimeyatoa ghalani mimi mwenyewe. Yahesabu.