Chotara Ndani ya Pikapu ya Breki

Nje ya duka la vyakula vya mifugo pale Dunning, jimbo la Montana, kuna benchi la mbao lililogeukia milima, na benchi hilo lina wenyewe. Kila asubuhi Orpha, mwenye duka, hupika birika kubwa la kahawa, bure kwa wanunuzi. Lakini wanaoimaliza ni watu ambao hawajanunua hata msumari tangu theluji ya mwaka jana. Yupo Daktari, ambaye hajasomea udaktari wowote, ila aliwahi kumzalisha ng'ombe wa jirani na ng'ombe akapona. Yupo Posta, mama aliyesambaza barua bondeni humo mpaka goti likakataa, na bado anajua habari za kila nyumba kana kwamba bahasha zote zilikuwa wazi. Yupo Askofu, ambaye kanisani haonekani ila kwenye mazishi yenye chakula. Na yupo Royce Tanberg, dereva mstaafu wa malori ya magogo, wanayemwita Breki kwa sababu hajawahi kufanya jambo lolote bila kusimama kwanza katikati yake. Ijumaa ile ya upepo Breki hakutulia. Aliketi, akasimama, akaketi tena, na kila mara jicho lake lilikimbilia pikapu yake nyekundu, aliyoiegesha mbali kando ya marobota ya nyasi, mahali ambapo hajawahi kuegesha.

— Kaa chini, Breki, — alisema Posta. — Umekalia upupu?

— Nimekaa.

— Hujakaa. Umeahirisha kusimama.

Breki akanywa kahawa, ikamuunguza, akajifanya haikumuunguza.

— Nina rafiki yangu anataka ushauri, — akaanza.

— Rafiki gani? — Daktari akadakia. — Rafiki zako wote wamekaa hapa, na mmoja wao humpendi.

— Wa mbali huko. Ameachiwa chotara. Nusu mbwa, nusu mbwa mwitu. Jike, hajatimiza mwaka. Mwenyewe ni kijana, anahamia kwenye visima vya mafuta, hawezi kwenda naye. Kamwambia rafiki yangu: kaa naye, umpime mpaka Ijumaa adhuhuri. Ukimtaka, wako. Usipomtaka nampiga risasi, maana kote wanakotunza machotara nimepiga simu, wamejaa.

— Ijumaa ndiyo leo, — alisema Posta.

— Eeh. Imeangukia tu.

Haikuangukia tu. Chotara mwenyewe, Tundra, alikuwa ndani ya ile pikapu, amefunikwa blanketi ambalo marehemu mkewe, Irma, alilifuma kwa mkono wake. Tangu Irma azikwe mwezi wa Aprili, nyumba ya Breki ilikuwa kimya hata friji ikinguruma alishtuka. Kisha akaja Tundra. Usiku alijilaza mlangoni pa chumba, na Breki, akiwa kitandani macho wazi, alisikia pumzi ya kiumbe kingine. Hilo peke yake lingetosha kumfanya aseme ndiyo siku ile ile.

Lakini kesho yake, Jumamosi, binti yake Janelle angemleta mjukuu, Maisie, mtoto wa miaka minne, akae na babu yake wiki nzima mama akiwa zamu hospitali. Ingekuwa mara ya kwanza tangu msiba. Janelle aliuliza kwa simu: nasikia una mbwa, mbwa gani? Na Breki akajibu kama bonde lote linavyojibu: malamuti.

Pale Dunning hilo si uongo, ni desturi. Malamuti ni yule mbwa mkubwa mwenye manyoya anayevuta sileji, gari lisilo na magurudumu, kwenye barafu. Chanjo ya kichaa cha mbwa imeidhinishwa kwa mbwa, si kwa mbwa mwitu. Chotara akimng'ata mtu, karatasi ya chanjo haimtetei, atauawa apimwe ubongo. Kwa hiyo kila mwenye chotara akifika kwa daktari wa mifugo husema "malamuti", na daktari huandika malamuti bila kuinua macho. Bonde limejaa malamuti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuta kitu.

— Jambo la kwanza ni damu, — alisema Daktari, akikunja mikono ya shati kana kwamba ng'ombe analetwa. — Umesema nusu. Nusu ya mbele au nusu ya nyuma?

— Daktari, nusu ni nusu!

— Hapo ndipo watu wanapoumia. Mbwa mwitu akikaa nyuma, kwenye miguu na mkia, huna tabu, atakukimbia tu. Akikaa mbele, kwenye meno, ndugu yangu, andika wosia. Kwani macho yake yakoje?

— Ya manjano, — Breki akajibu haraka, kisha akaongeza: — Nasikia.

— Manjano ya siagi au manjano ya haradali?

— Acha kumchosha mwenzio, — Posta akaingilia. — Samaki mkunje angali mbichi. Rafiki yako aanze kumfunza leo leo.

— Samaki mbichi umeshamuua, Posta, — alisema Askofu. — Methali hiyo ni ya jikoni. Tena sikilizeni, niwape siri. Nuhu aliingiza safinani mbwa mwitu wawili. Mbwa hakumwingiza hata mmoja.

— Nani kakwambia?

— Waliingia wanyama wa Mungu, na mbwa alikuwa bado hajakuwepo! Mvua ikanyesha, ikanyesha. Mbwa mwitu wakachoka kukaa. Mmoja akaanza kumwangalia Nuhu anavyokula. Siku ya pili akasogea. Siku ya tatu akampa mkono. Safina inatua mlimani, mbwa huyo anashuka, tayari anaitwa kwa jina. Kwa hiyo kila mbwa ni mbwa mwitu aliyechoshwa na mvua.

— Na chotara?

— Chotara ni aliyeshuka kabla mvua haijakatika.

Daktari alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeshindwa kihalali. Posta hakukubali kuachwa nyuma.

— Mimi nimewaona kwa macho yangu, sio mambo ya safina. Kwa akina Lindqvist, mwisho wa njia yangu ya barua, walikuwa na malamuti wao. Malamuti kwa jina! Alikuwa anafungua friji, anatoa nyama, anafunga friji.

— Anafunga?

— Anafunga! Mtoto wao mkubwa mpaka leo hafungi. Kisha akajifunza barua. Bili anazirarua, kadi za Krismasi anapeleka ndani. Akaanza kunisubiri sandukuni. Nikichelewa, ananitazama hivi… — Posta akainamisha kichwa, akatazama kwa chini ya nyusi. — Nikawa naomba msamaha. Mtumishi wa serikali mzima, namwomba mnyama msamaha!

— Mwisho wake?

— Alichimba chini ya uzio, akaenda zake. Akarudi, akachimba tena. Waliongeza uzio mpaka nyumba ikafanana na jela, na waliofungwa ni wao. Harusi ya dada yao hawakwenda. Nani angebaki naye?

Hapo Breki akasimama. Honi ya pikapu ilikuwa imelia: fupi, kisha ndefu.

— Gari lako linakuita, — alisema Askofu.

— Waya hizo. Zina shoti.

Honi ikalia tena. Breki akapiga mluzi mwembamba, na honi ikanyamaza.

— Waya zenye adabu, — alisema Daktari.

Breki akaketi ukingoni mwa benchi. Upepo ulikuwa ukisukuma mabua ya nyasi miguuni mwao, na saa ya ndani ya duka, aliyoweza kuiona kupitia kioo, ilikuwa inaikaribia adhuhuri bila haya.

— Nataka jibu moja tu, — akasema, na sauti yake ikawa nzito kuliko alivyokusudia. — Kama nyumbani anakuja mtoto mdogo. Mjukuu. Inafaa au haifai?

— Inafaa! — Daktari akasema. — Ng'ambo huko kuna mji mzima ulianzishwa na watoto walionyonyeshwa na mbwa mwitu. Walikua, wakajenga barabara.

— Haifai, — alisema Posta. — Lakini inategemea mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, damu ya mbwa mwitu inapanda. Nusu inakuwa robo tatu. Mtoto aje mwezi mwandamo.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, — alisema Askofu. — Kwa hiyo mpe mtoto nyama mbichi kidogo, ili wanukiane.

— Askofu!

— Nakwambia! Adui wa mbwa mwitu ni harufu ya sabuni. Mtoto asiogeshwe tangu leo, atapita kama ndugu wa damu. Na wewe Breki usioge.

— Kwani ni mimi? Nimesema rafiki!

— Rafiki asioge.

Walicheka mpaka kahawa ya Daktari ikamwagika. Breki alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Akatazama barabara ya vumbi itokayo kaskazini, ambako Cody, yule kijana wa visima vya mafuta, angetokea. Bado palikuwa patupu.

Gari dogo la kijani, lenye namba za jimbo jingine na magodoro juu ya paa, likaingia na kusimama mbele ya duka. Akashuka mwanamke kijana aliyevaa viatu ambavyo havingemaliza majira ya baridi pale, amemshika mkono mtoto wa kiume. Walikuwa wamehamia, ilionekana, maana aliwaamkia wote benchini, mmoja mmoja.

— Samahanini wazee wangu. Nimekuja kuchukua chakula cha kuku. Mwanangu ameona mbwa kwenye ile pikapu nyekundu, kainuka kama mtu, miguu iko kwenye usukani. Anauliza kama anaweza kumshika.

Benchini wakatazamana.

Daktari alifungua kinywa, akakiweka tena kama kilivyokuwa. Askofu aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe chake. Likatoa tone moja, na lingine halikufuata. Posta akajishika goti. Damu, safina, mwezi, sabuni, vyote vilikuwa pale pale benchini, na hakuna kilichoweza kumwambia mtoto yule ndiyo au hapana.

Breki aliona jambo alilokuwa amelisukuma nyuma ya akili tangu juzi. Juzi jioni mtoto wa jirani alikatiza uwanjani mbio, akipiga kelele za mchezo. Tundra hakubweka. Hakutikisa mkia. Alishusha kichwa, masikio yakaenda mbele, mwili mzima ukatulia tuli, na akamfuata yule mtoto kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya ghala. Breki alijiambia ni mchezo. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa jambo ambalo ni mchezo.

— Hapana, mama, — akasema. — Asimshike. Wala asisogee karibu na mlango.

— Anauma?

— Hajawahi. Sijui. Ndiyo maana nasema hapana.

Mwanamke akamvuta mwanawe kwake.

— Kumbe ni wako?

Breki alitazama pikapu. Kichwa cha kijivu kilikuwa dirishani, na yale macho ya manjano, ya haradali si ya siagi, yalikuwa yanamtazama yeye peke yake katika uwanja mzima.

— Wangu, — akasema. — Chotara wa mbwa mwitu. Wangu.

Mwanamke akashukuru, akaingia dukani na mtoto anayelia. Benchi likapumua.

— Tumejua tangu Jumanne, — alisema Posta kwa upole. — Koti lako limeota manyoya.

— Mbona hamkusema?

— Mambo ya rafiki yako, yangetuhusu nini?

Breki aliinuka. Aliingia dukani, akaomba simu ya kaunta, akapiga akiwa amesimama karibu na dirisha lililo wazi, nyuma ya vichwa vyao. Walisikia kila neno, na hawakujifanya hawasikii.

— Janelle, mwanangu. Si malamuti… Sikiliza kwanza. Si malamuti, ni nusu mbwa mwitu, nilikudanganya. Usimlete Maisie kesho. Hapana, simrudishi. Nikimrudisha atauawa, na mimi… Cody akija sasa hivi namwambia aende zake. Nitajenga uzio, nitamwambia daktari wa mifugo aandike ukweli. Na Maisie nitakuja mimi kumlea huko huko kwako. Wiki nzima. Naapa.

Sauti ya Janelle ilipotoka, haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, anayetaka tu kujua, na ilipita dirishani kama iko benchini:

— Sawa, baba. Ukija huku, nani atabaki naye?

Breki akaweka kiganja juu ya simu, akatoa kichwa dirishani.

— Jamani, — akasema. — Nani atabaki naye?

Daktari, Posta na Askofu, watu ambao asubuhi nzima hawakukosa jibu hata la Nuhu, waliinua nyuso zao wote watatu na kuitazama milima kwa makini sana, kana kwamba ndiyo kwanza inaletwa.