Mikono ya Klara

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Aristides, mjomba wa marehemu, nimepewa kusoma historia yake na nimeombwa nisiisome kwa hasira. Nitajaribu. Nawasomea nyote, ila hasa namsomea Stella, mdogo wake marehemu, aliyekaa pale na mama yake, kwa sababu Alhamisi hii na yeye ana safari ya kwenda kazini huko huko alikofia dada yake.

Klara Severine Kinunda alizaliwa Mbinga tarehe 9 Mei 2003, mtoto wa kwanza wa marehemu Severine na Bi Angelina, akaletwa Ilala akiwa bado wa mgongoni, akasoma hapa hapa shule ya msingi na sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 2020. Mwaka uliofuata alianza kazi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, dukani kwa Bwana Ghanim, akawa fundi simu, na jamani, mtoto yule alikuwa na mikono! Simu iliyowashinda mafundi wengine yeye aliichomelea huku akimtania mwenye simu, na ikawaka.

Mikono hiyo ndiyo waliyoifuata. Februari 2024 mawakala wa kampuni ya nje walijaza mabinti ukumbini pale Mnazi Mmoja, wala hawakutaka cheti cha mtu, walitaka wasichana wadogo wanaoweza kupachika vipande vidogo bila kutetemeka, wakawaambia ni droni za kunyunyizia dawa mashambani. Tarehe 30 Machi tulifunga turubai hili hili, tukakodi viti hivi hivi mlivyokalia, tukamuaga kwa pilau na vigelegele. Mashamba gani! Alipofika alitupigia analia, akasema mjomba, hizi zinabeba mabomu, na pasi yangu wameichukua.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuwahi kufunga, ingawa barua ya posa ya kijana Robert tulishaipokea, na Robert yupo hapa, mwoneni alivyo. Watoto hakujaliwa. Kuhusu ugonjwa, hakuugua hata mafua. Tarehe 11 Agosti 2025 droni za upande wa pili wa vita vyao zililipiga bweni lao wakiwa wametoka zamu, na kampuni ikatuambia ni ajali kazini.

Madaktari tungewashukuru, ila hatumjui hata mmoja aliyemgusa. Tunawashukuru majirani waliolala na sisi msibani, mafundi wenzake wa Aggrey, na Bwana Ghanim aliyefunga duka kwa ajili yake. Mwakilishi wa kampuni naye amekuja, yuko kule nyuma na shada lake, na wewe ndugu, chakula utakula, lakini kwenye kuweka mashada hutaitwa.

Sasa Stella. Kwa desturi tungepita kumwangalia dada yako uso, lakini jeneza limekuja limefungwa na tumekatazwa kulifungua, mama yako aliomba aone hata mikono tu, wakamkatalia, kwa hiyo tutapita tukigusa mbao. Wewe utatangulia. Una miaka kumi na tisa, mjomba wako sikukatazi, ila weka mkono wako juu ya ule ubao, halafu geuka umwambie mama yako, sisi wote tukisikia, kama Alhamisi unaenda.

Klara mwanangu, zamu yako imekwisha. Pumzika kwa amani.