Papa Zéphirin Ngoy Kabulo, Mchoraji wa Nyuso Tulivu

Papa Zéphirin alizaliwa Mitwaba tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa katekista Edouard na Mama Léa.

Alisoma kwa mapadri. Huko padri mmoja alimwonyesha kitabu cha picha zilizochorwa Ulaya katika karne ya kumi na nane: mahakimu waliovaa joho jeusi, wajane waliotuliza mikono mapajani. Hakuna aliyecheka wala kulia. Akauliza kama watu wale hawakuwa na shida. Padri akamjibu kwamba walikuwa nazo tele, ila mchoraji aliwasitiri. Neno hilo halikumtoka tena.

Baada ya chuo cha sanaa Lubumbashi, mwaka 1979 alifungua karakana yake ya uchoraji katika mtaa wa Katuba, mjini humo. Wateja walitaka kuchorwa wakicheka, gari likiwa nyuma yao. Yeye aliwaketisha wima na kuwaomba wafunge midomo. Wengi hawakurudi. Simu za kupiga picha zilipofika, hata waliobaki wakapotea.

Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na Mama Honorine. Mwaka 2011 walimzika mwana wao, Ariel. Baada ya matanga Papa alimketisha mke wake, akamchora. Mama alipoiona picha, iliyotulia kama maji ya mtungini, aliumia.

“Sasa machozi yangu iko wapi?”

“Machozi iko yako, mama,” Papa alimjibu. “Bantu baone uso tu.”

Lakini picha ilitundikwa karakanani.

Presha ya macho ilimpofusha mwaka 2020. Bado kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti, akaenda kukaa karakanani. Januari 2025 mvua ilipita kwenye bati la karakana, ikaharibu picha zote. Papa aliulizia ile moja ya Mama.

“Iko vile vile uliiacha,” Mama alimjibu.

Aliomba kuishika. Vidole vyake vilipita pale penye paji la uso, rangi ikamvunjikia mkononi. Akamshukuru Mama, akamrudishia. Tangu hapo hakwenda tena karakanani, na chakula alikigusa tu.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Mei 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama.

Anaacha mjane wake, Honorine, mabinti Séphora na Benita, na wajukuu wanne. Kazi yake hakuna aliyejifunza.

Papa, Bwana akupokee, upumzike.